Ukuta Si Pazia: Kuta za Matofali Ndani ya Viunzi vya Chuma na Usalama Wetu Wakati wa Tetemeko

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wakazi wa kata nyingine.

  

Mimi ni mtu wa habari, si mhandisi. Haya nitakayoyasema ni elimu ya wahandisi, nami kazi yangu ni kuileta kwenu katika lugha ambayo mwenye jengo, fundi na mpangaji wataielewa kwa namna moja.

Katika kata zetu majengo ya chuma yanaongezeka. Maghala ya kahawa, mabanda ya soko, kumbi za mikutano, nyumba za ibada, hata majengo ya maduka kando ya barabara, sasa husimamishwa kwa nguzo na boriti za chuma. Sababu zake zinaeleweka: chuma husimama kwa siku chache, na paa hupatikana mapema. Lakini jengo la namna hiyo kwa kawaida hupita katika mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa mhandisi na mafundi chuma, wanaosimamisha kiunzi. Mkono wa pili ni wa mwenye jengo, au wananchi wenyewe kwa nguvu zao, wanaokuja baadaye na matofali kujaza kuta. Mara nyingi mikono hiyo miwili haijuani. Mhandisi alikokotoa kiunzi kitupu. Fundi akajenga kuta kana kwamba anatundika pazia.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukuta si pazia. Ukuta wa matofali uliobanwa ndani ya kiunzi cha chuma huwa sehemu ya jengo siku ardhi inapotikisika, tupende tusipende. Waweza kuliokoa jengo, na ukuta huohuo waweza kuliangusha. Kinachoamua ni mahali ulipowekwa, namna ulivyofungwa, na kama aliyekokotoa kiunzi alijua kwamba utakuwepo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sisi wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa tetemeko ni nini. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, mkoa wetu ulitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, lililoanzia kina cha kilomita 40 hivi chini ya ardhi, karibu na Nsunga wilayani Missenyi. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha hapa nchini, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba yaliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilipata uharibifu mkubwa kiasi cha kufungwa.

Wala halikuwa jambo la kwanza katika ukanda huu. Tuko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi inaendelea kuachana polepole. Mwezi Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa unaozidi 7. Tarehe 20 Machi 1966 ndugu zetu wa Toro, nchini Uganda, walipoteza watu wengi. Tarehe 5 Desemba 2005 eneo la Ziwa Tanganyika lilitikiswa kwa ukubwa wa 6.8. Hakuna awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo, lakini hakuna pia mwenye haki ya kusema halitakuja.

Wahandisi husema kwamba tetemeko haliui watu. Majengo ndiyo yanayoua. Babu zetu waliishi katika nyumba za msonge, zilizojengwa kwa miti na nyasi. Nyumba ile ilikuwa nyepesi na yenye kunyumbuka: ikitikiswa iliyumba, kisha ikatulia. Sisi tumehamia katika matofali na saruji, na tumefanya vyema kwa sababu nyingi. Lakini tumebadilisha wepesi kwa uzito, na uzito una masharti yake.

Kiunzi cha chuma na vyuma vyake vya mshazari

Kabla ya kuendelea, niweke neno moja sawa. Mtaani tukisema “fremu” tunafikiria chumba cha duka cha kupangisha. Hapa ninasema “kiunzi”, yaani mifupa ya jengo: nguzo zinazosimama na boriti zinazolala juu yake.

Chukua vijiti vinne, vifunge kwenye pembe upate umbo la mlango. Ukisukuma kijiti cha juu kwa kidole, umbo zima linalala upande. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe moja ya chini hadi pembe ya juu iliyo mkabala nayo. Ukisukuma tena, halilali. Ndiyo sababu seremala huweka ubao wa mshazari kwenye geti la mbao. Wahandisi hufanya vivyo hivyo katika majengo ya chuma: katika baadhi ya nafasi kati ya nguzo na nguzo huweka vyuma vya mshazari, mara nyingi viwili vinavyopishana kama alama ya kuzidisha.

Tetemeko linaposukuma jengo upande mmoja, chuma kimoja cha mshazari huvutwa na kingine hugandamizwa. Likisukuma upande wa pili, kazi hubadilishana. Kile kinachovutwa hukaza na kushika. Kile kinachogandamizwa, kikiwa chembamba, hupinda kuelekea nje kama ufito uliokandamizwa kwa kiganja. Mhandisi makini huyapanga haya tangu mwanzo. Anataka vyuma vya mshazari vivutike na kupinda kabla nguzo hazijaguswa, ili vile nguvu za tetemeko zilivyokuja ziishie humo. Kazi yao inafanana na ya fyuzi ya umeme: bora fyuzi ikatike kuliko nyumba iungue. Lakini fyuzi hiyo hutimiza wajibu wake kwa sharti moja, kwamba viungio vyake viwe imara kuliko chuma chenyewe. Bamba la kiungio, bolti na mshono wa kuchomelea vikikatika kwanza, mpango wote umevunjika.

Ukuta unapoingia kwenye kiunzi

Tuujaze sasa ukuta. Mambo matatu hubadilika kwa wakati mmoja.

La kwanza ni uzito. Chukua nafasi moja kati ya nguzo na nguzo, yenye upana wa mita 5 na kimo cha mita 3. Hizo ni mita 15 za mraba. Ukiijaza kwa bloku za saruji zisizo na matundu, zenye unene wa sentimita 15, umeweka humo zaidi ya tani 4 kabla hujapiga lipu. Nguvu ya tetemeko juu ya jengo hutokana na uzito wa jengo lenyewe: ardhi inakwenda, uzito unabaki nyuma, na mifupa ya jengo ndiyo inayolazimika kuuvuta. Kadiri unavyoongeza uzito, ndivyo unavyoongeza nguvu ambayo kiunzi kitaibeba.

La pili ni ukakamavu. Kiunzi kikianza kulala upande, hugusa ukuta kwenye pembe mbili zinazotazamana, na ukuta hugandamizwa kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini. Hapo ukuta hugeuka kuwa chuma kingine cha mshazari, ambacho hakuna aliyekichora. Na kwa kuwa matofali yaliyobanwa ni makakamavu kuliko kiunzi chembamba, ukuta ndio unaopokea nguvu za kwanza.

La tatu ni mwendo. Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba. Jengo lenye kuta ngumu huyumba kwa haraka, lisilo na kuta huyumba polepole. Matetemeko ya wastani yanayotokea karibu huja na mitikisiko ya haraka kwa wingi, hivyo jengo lililokazwa kwa kuta mara nyingi huvuta nguvu kubwa kuliko ile aliyoihesabu mhandisi kwa kiunzi kitupu.

Shida ni kwamba matofali hayajui kupinda. Chuma kizuri huvutika na kurudi, lakini ukuta wa kawaida huanza kupasuka kiunzi kikisogea milimita chache tu. Ukishapasuka na kumomonyoka pembeni, mzigo wote uliokuwa umeubeba hurudi ghafla kwenye vyuma vya mshazari na viungio vyake. Ni kama watu wawili wanaobeba gogo: mmoja akiliachia bila kusema, mwenzake ndiye anayeumia mgongo.

Pale ukuta unapookoa

Isidhaniwe kwamba nimekuja kuwatisha mbali na matofali. Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco nchini Marekani ulipigwa na tetemeko kubwa, likafuatiwa na moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Majengo marefu ya viunzi vya chuma yaliyokuwepo wakati ule yalikuwa yamekokotolewa kwa ajili ya upepo, si tetemeko. Hata hivyo mengi yalibaki yamesimama baada ya mtikisiko, na baadhi yalikarabatiwa baada ya moto na kutumika tena. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikwenda kwa kuta nzito za matofali zilizojengwa kwa kubana kati ya nguzo na boriti. Kuta zile zilipasuka, lakini katika kupasuka kwake zilikula nguvu za tetemeko, na chuma kikazuia jengo lisianguke.

Tuzingatie, hata hivyo, zilikuwa kuta za namna gani. Zilikuwa nene, zilijengwa kwa kubana pande zote, na ziliendelea kutoka ghorofa hadi ghorofa. Ukuta mwembamba uliopandishwa haraka mwishoni mwa mradi, wenye mwanya juu ambao fundi ameuziba kwa mabaki ya mchanganyiko, hauwezi kudai sifa hiyo.

Pale ukuta unapoponza

Wahandisi wamenionyesha njia tano ambazo kwazo kuta hugeuka kuwa adui wa jengo. Naomba mafundi wazisikilize kwa makini, maana zote hutokea mikononi mwetu wenyewe.

Njia ya kwanza ni ghorofa legevu. Mwenye jengo anajenga kuta imara ghorofani, kisha chini anaacha wazi ili apate maduka. Juu kunakuwa kama sanduku gumu. Chini zinabaki nguzo peke yake. Tetemeko linapokuja, kuyumba kote kunakusanyika pale chini. Katika tetemeko la Uturuki la tarehe 17 Agosti 1999, lililoua zaidi ya watu 17,000, majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa ya zege yenye maduka ya wazi chini. Chuma kinafuata kanuni hiyohiyo. Hatari huzidi pale mwenye duka anapokata chuma cha mshazari ili kupitisha mlango. Ndugu zangu, chuma kile si pambo. Kukikata ni sawa na kukata mshipa.

Njia ya pili ni kujisokota. Tazameni majengo ya maduka ya barabarani: nyuma na ubavuni kuna kuta ngumu, mbele kuna milango mipana na vioo. Tetemeko likisukuma, upande wa nyuma haukubali kusogea na upande wa mbele unasogea kwa urahisi. Jengo linajisokota kama mtu aliyeshikwa bega moja, na nguzo za mbele hupelekwa mbali kuliko zinavyoweza kuvumilia. Katika mji wa Mexico, tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 lilionyesha jambo hili wazi: majengo ya kona, yenye kuta nzito pande mbili na vioo pande mbili za barabara, yalikuwa sehemu kubwa ya majengo yaliyoharibika vibaya.

Njia ya tatu ni nguzo fupi. Hii ni ya madarasa na maghala. Ukuta unajengwa hadi usawa wa dirisha, na juu yake panaachwa wazi kwa ajili ya hewa na mwanga. Nguzo iliyokuwa na mita 3 za kuyumbia sasa imeshikwa na ukuta hadi mita 2, imebakiwa na mita 1 tu. Kwa hesabu ya wahandisi, nguzo ikipunguzwa hadi theluthi moja ya urefu wake, viungio vyake vikibaki vilevile, ukakamavu wake huongezeka mara 27. Nguvu humfuata aliye mkakamavu. Nguzo hiyo itavuta mzigo ambao haikutengenezewa, na itaumia pale kwenye usawa wa dirisha.

Njia ya nne ni ukuta kuanguka kifudifudi. Kiunzi kinaweza kubaki kimesimama bila kasoro, huku ukuta ukitoka kati ya nguzo kama kitabu kinachodondoka rafuni. Huu ndio uharibifu unaosahauliwa zaidi, kwa sababu picha ya jengo lililosimama hutufanya tuseme “jengo limenusurika”. Anayeangukiwa na tani 4 za bloku hanusuriki kwa sababu nguzo zimesimama. Ukuta mrefu, mwembamba, usioshikwa juu wala pembeni, ndio unaotoka kwanza. Chuma cha mshazari kikipinda kuelekea nje nacho huusukuma ukuta uliokigusa.

Njia ya tano ni kufichwa kwa kasoro. Ukuta na lipu vikishafunika kiungio, hakuna tena anayeuona mshono wa kuchomelea, na hakuna anayeiona kutu inayoanza mahali ambapo maji ya mvua hutuama kati ya tofali na chuma. Nasi wa Kagera tunajua mvua zetu.

Funzo kutoka Iran

Ipo nchi moja ambayo historia yake inalifundisha somo hili vizuri, nayo ni Iran. Huko viunzi vya chuma vyenye vyuma vya mshazari na kuta za matofali za kujazia ni ujenzi wa kawaida mijini, na matetemeko ni mengi.

Tarehe 26 Desemba 2003, alfajiri, mji wa Bam ulipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 6.6. Zaidi ya watu 26,000 walifariki, wengi wao katika nyumba za matofali ya udongo. Lakini wachunguzi walitazama pia majengo ya chuma, na walichokikuta ni funzo kwa kila fundi wa kuchomelea. Majengo yaliyokuwa na vyuma vya mshazari vilivyounganishwa vyema yalifanya vizuri. Yaliyokuwa na mishono dhaifu yalikatika kwenye viungio, kabla vyuma vyenyewe havijafanya kazi yoyote. Ramani ilikuwa ileile na chuma kilikuwa cha aina ileile. Tofauti ilikuwa mkono wa fundi na jicho la msimamizi.

Miaka 14 baadaye, tarehe 12 Novemba 2017, tetemeko lenye ukubwa wa 7.3 lilipiga eneo la Sarpol-e Zahab, magharibi mwa nchi hiyo, na kuua zaidi ya watu 600. Safari hii viunzi vingi vya majengo ya kisasa vilibaki vimesimama. Kilichoanguka kwa wingi ni kuta za kujazia na mapambo mazito ya mbele ya majengo. Familia zilibaki na mifupa ya nyumba isiyokalika. Kwa maneno mengine, ujenzi wa viunzi ulikuwa umepiga hatua, lakini ukuta ulikuwa bado unahesabiwa kuwa pazia.

Njia mbili zilizo salama

Je, tufanye nini? Wahandisi wanasema njia ni mbili, na kosa kubwa ni kutochagua yoyote.

Njia ya kwanza ni kuushirikisha ukuta. Hapa mhandisi anauhesabu ukuta kuwa sehemu ya nguvu za jengo. Ukuta unajengwa kwa kubana kabisa pande zote, kwa tofali bora na mchanganyiko mzuri, ukifungwa kwa nondo kwenye nguzo na kupewa lenta. Kuta hizo zinapangwa kwa ulinganifu: zilizo upande huu ziwe na wenzake upande ule, na zilizo juu ziwe na wenzake chini. Nguzo, boriti na viungio vinakokotolewa vikiwa na msukumo wa kuta hizo pembeni mwake. Ukichagua njia hii, ujue kwamba huna ruhusa tena ya kubomoa ukuta wala kufungua mlango mpya bila kumrudia mhandisi.

Njia ya pili ni kuutenganisha ukuta. Hapa kiunzi na vyuma vyake vya mshazari ndivyo vinavyobeba tetemeko lote, na ukuta unaachiwa mwanya pembeni na juu, unaojazwa kitu laini kinachobonyea. Kwa nini mwanya? Kiunzi cha mita 3 kikiyumba kwa asilimia 1 tu ya kimo chake, sehemu yake ya juu inasogea sentimita 3. Pasipo na nafasi, itaugonga ukuta. Lakini mwanya peke yake hautoshi, kwa sababu ukuta usioshikwa utaanguka kifudifudi. Kwa hiyo huwekwa vipande vya chuma vyenye umbo la pembe vinavyoushika ukuta usidondoke, huku vikiuruhusu mfumo wa chuma uteleze juu yake. Upana wa mwanya na idadi ya vishikio ni hesabu ya mhandisi, si makisio ya fundi.

Ipo pia busara ya tatu inayosaidia njia zote mbili: punguza uzito. Kwa ghala au banda la soko, kwa nini tupandishe bloku hadi darini? Ukuta mfupi unaojitegemea, ulioachana na nguzo, na mabati au wavu kwa sehemu ya juu, vyaweza kutosha kuzuia wezi na mvua. Mzigo mwepesi juu ya vichwa vyetu ni usalama usio na gharama kubwa.

Tunaloliomba kwa wakazi

Najua wapo watakaouliza kuhusu gharama. Ni haki yao. Lakini tulinganishe vizuri. Vishikio vya chuma, nondo chache na siku moja ya mhandisi kwenye eneo la ujenzi ni sehemu ndogo ya bei ya jengo. Kufunga kuta ambazo tayari zimejengwa ni kazi ngumu zaidi, na kujenga upya baada ya tetemeko ni mzigo ambao familia nyingi za mkoa huu zimeshaubeba na kuujua. Kwa hiyo Halmashauri inaleta kwenu maombi yafuatayo.

Kwanza, unapoomba kibali cha ujenzi wa jengo la chuma, leta michoro inayoonyesha kiunzi na kuta pamoja. Kama kuta zitajengwa baadaye, zionyeshwe tangu sasa: ziko wapi, ni za tofali gani, zina kimo gani. Mhandisi wako awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Pili, kabla ya kufunika viungio kwa matofali au lipu, mwite mkaguzi avione. Siku hiyo moja haitarudi tena. Kiungio kikishafunikwa, kukiona ni kubomoa.

Tatu, usikate wala kulegeza chuma cha mshazari kwa sababu yoyote. Kama kinaziba mahali pa mlango, mlango ndio uhamishwe.

Nne, usibomoe ukuta wala kuongeza ukuta ndani ya jengo la chuma bila kuuliza ofisi ya Mhandisi wa Halmashauri. Ombi hili linawahusu hasa wenye maduka wanaopanua mbele, na kamati za shule zinazogawa chumba kimoja kuwa viwili.

Tano, miradi inayojengwa kwa nguvu za wananchi ipitie mikono hiyohiyo. Michango yenu ni jasho lenu. Isiishie katika ukuta utakaowaangukia watoto mliowajengea.

Sita, baada ya mtikisiko wowote, zisomeni nyufa kabla ya kuziziba. Ufa mwembamba unaofuata mpaka kati ya ukuta na nguzo mara nyingi huonyesha kwamba ukuta umeachana na chuma. Nyufa zinazopishana katikati ya ukuta kama alama ya kuzidisha huonyesha kwamba ukuta ulibeba mzigo wa tetemeko na nguvu yake imepungua. Ukuta uliovimba au kuinama nje ni hatari ya papo hapo: ondokeni karibu yake na toeni taarifa kwa Mtendaji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini anayeuziba kwa lipu kabla ya kujua ulikotoka ameuficha tu.

Ndugu wananchi, tumezoea kumwuliza fundi maswali mawili: ukuta utachukua matofali mangapi, na utaisha lini? Naomba kuanzia leo tuongeze swali la tatu: siku ardhi ikitikisika, ukuta huu utafanya nini? Asipokuwa na jibu, msimlaumu. Mpelekeni pamoja nanyi kwa mhandisi. Mlango wa ofisi uko wazi siku zote za kazi, na Mtendaji wa Kata yupo kupokea maombi ya wale wasioweza kufika makao makuu.